Mabasi matano ya Mohamed Salah: kisa kinachosimuliwa nusu

Kisa chenyewe karibu kila shabiki wa mpira anacho. Mtoto wa kijijini Misri, umri miaka 14, anatoka darasani saa tatu asubuhi wenzake wakiwa bado kwenye madawati. Anapanda gari, anashuka, anapanda jingine, anashuka tena. Saa nane mchana ndiyo anafika mazoezini Cairo. Saa kumi na mbili jioni anaigeuza safari ileile, na saa nne au nne na nusu usiku anaingia kwao. Ale, alale, kesho tena. Siku tano kwa wiki, kwa miaka mitatu minne. Mtoto huyo ni Mohamed Salah, na mwenyewe amekisimulia kisa hiki mara nyingi akihojiwa.

Makocha wa watoto wanakipenda. Wazazi wanakipenda zaidi. Kinazunguka WhatsApp pamoja na picha ya Salah amebeba kombe, chini yake maneno ya kutia moyo: jitume, vumilia, utafika. Sina ugomvi na uvumilivu. Ugomvi wangu ni kwamba kisa kikisimuliwa hivyo, msikilizaji anabaki akidhani mabasi ndiyo yaliyomtengeneza Salah. Mabasi hayakumfundisha kupiga mpira. Yalikuwa gharama, na gharama peke yake hainunui kitu mpaka upande wa pili awepo muuzaji. Kilichomtoa ni maamuzi ya watu wazima kadhaa, pamoja na mambo ambayo hakuna mzazi angeweza kuyapanga, moja likiwa msiba wa taifa zima. Nataka tukichambue tangu kijijini, na niishie pale alipofika Uswisi. Ya Chelsea, Roma na Liverpool yameandikwa vya kutosha.

Nagrig

Salah alizaliwa tarehe 15 Juni 1992 Nagrig, kijiji cha wilaya ya Basyoun, mkoa wa Gharbia, katika Delta ya Nile. Upande huo wa Delta unajulikana kwa asumini. Sisi wa pwani asumini tunaijua kwa vikuba na harusi. Kule ni zao la biashara, huchumwa usiku kucha maua yakiwa yamefunguka, kisha hupelekwa kukamuliwa mafuta ya manukato. Baba yake Salah alikuwa miongoni mwa waliofanya biashara hiyo.

Hapa niweke alama mapema, kwa sababu wasimuliaji wengi hupapita mbio. Kisa hupambwa kwa umaskini: mtoto wa mkulima hohehahe, hana hata kiatu. Familia ile haikuwa na mali, ni kweli. Lakini fanya hesabu ya nauli. Magari matatu, manne, siku nyingine matano ya kwenda, idadi ileile ya kurudi, siku tano kwa wiki. Hiyo nauli ilitoka mfukoni mwa mtu kila asubuhi, kwa miaka, bila uhakika wowote kwamba ingerudi. Yuko mtoto mwingine wa Delta mwenye mguu uleule ambaye safari yake ingekatika wiki ya pili, nauli ilipokwisha. Nyuma ya mtoto aliyekuwa tayari kusafiri kulikuwa na nyumba iliyokuwa tayari kulipa, na uvumilivu wa baba kulipa nauli sijauona ukiandikwa chini ya picha yoyote.

Mpira wa kijijini ulikuwa kama wa kijijini popote. Salah amesema yeye na wenzake walicheza kila mmoja akijipa jina la nyota wake, na yeye akijifanya mara Ronaldo wa Brazil, mara Zidane, mara Totti. (Huyo wa tatu alikuja kucheza naye timu moja Roma, dunia ndogo.) Tofauti na vijiji vyetu vingi, vijiji vya Misri huwa na kituo cha vijana, uwanja unaosimamiwa na serikali, wenye mwalimu na ratiba. Nagrig kilikuwepo. Kwa hiyo hata hatua ya kwanza kabisa, ile tunayopenda kuiita ya mchangani, ilikuwa na mtu mzima anayeandika majina.

Kutoka hapo alipanda ngazi. Kwanza timu ya Basyoun, mji mdogo wa jirani. Kisha Othmason ya Tanta, makao makuu ya mkoa, mji ambao Waislamu wengi wa pwani wanaujua kwa kaburi na maulidi ya Sayyid Ahmad al-Badawi. Kila ngazi ilikuwa mbali kidogo kuliko iliyotangulia. Watu wanasimulia kana kwamba siku moja alitoka kijijini akatua Cairo, wakati mwili na nyumba yake vilikwisha zoea safari fupi kabla ya kuingia kwenye ndefu.

Na kuhusu kugunduliwa: simulizi inayorudiwa na watu wa kijijini na waandishi waliofika huko ni kwamba skauti Reda El-Mallah, msaka vipaji, alikwenda kumtazama kijana mwingine kabisa. Watoto wakapangwa wacheze ili yule mlengwa aonekane vizuri, na macho ya skauti yakaishia kwa mfupi mwenye mguu wa kushoto. Mlengwa hakuchukuliwa. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi hatua iliyobadilisha kila kitu haikutegemea juhudi ya Salah hata kidogo. Ilitegemea kwamba gari la skauti lilielekea kijiji kile, kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine.

Karatasi

Mwaka 2006, akiwa na miaka 14, akaingia timu ya vijana ya El Mokawloon ya Cairo. Jina hilo msomaji wa Tanzania anapaswa kusimama nalo kidogo. Al-Mokawloon al-Arab ndiyo Arab Contractors, kampuni ya ujenzi ileile ambayo pamoja na Elsewedy Electric ilisaini Desemba 2018 mkataba wa kujenga bwawa la Julius Nyerere mto Rufiji, la megawati 2,115. Ni kampuni ya Osman Ahmed Osman, iliyoshiriki kujenga Bwawa Kuu la Aswan, na klabu yake ya mpira ilianzishwa mwaka 1973. Msimu wa 1982/83 ilitwaa ubingwa wa Misri, na Kombe la Washindi Afrika ililibeba mara tatu: 1982, 1983 na 1996.

Kufikia wakati wa Salah enzi hizo zilikuwa zimepita. Mokawloon ilikuwa timu ya katikati ya jedwali, yenye uwanja wake Nasr City, mtaa wa Cairo, mishahara inayolipwa na kampuni, na mashabiki wachache. Uchache huo wa mashabiki nauhesabu kuwa sehemu ya bahati yake. Al Ahly na Zamalek, vigogo wawili wa Cairo, zina umma nyuma yao na zinatakiwa kushinda wiki hii. Kijana wa miaka 17 anayekosa magoli hapo huzomewa na uwanja mzima. Klabu ya kampuni inaweza kumvumilia mtoto, kwa sababu hakuna anayeandamana kwenda ofisini ikifungwa. Anayefuatilia ligi yetu anazijua timu za aina hii: za majeshi, za mashirika, za viwanda. Hazina wimbo lakini zina basi, zina uwanja na zina mshahara wa tarehe.

Sasa safari. Nagrig hadi Basyoun. Basyoun hadi Tanta. Tanta hadi Ramses, katikati ya Cairo, palipo stesheni kuu ya reli na stendi zisizo na utulivu. Ramses hadi Nasr City. Ni zaidi ya kilomita 100, na sehemu kubwa ya usafiri wa watu wa kawaida kule ni basi dogo, zile Haisi nyeupe ambazo mtu wa Dar akiziona Cairo atadhani amepotea njia ya Mbagala. Zinaondoka zikijaa. Ukifika stendi gari ndiyo kwanza limetoka, unangoja lijae jingine. Ndiyo maana mwenyewe hawezi kutaja idadi moja ya magari: siku nyingine matatu, siku nyingine manne au matano.

Saa nne hadi nne na nusu kila upande. Chukua tisa kwa siku, zidisha kwa tano: saa 45 kwa wiki ndani ya gari, zaidi ya wiki ya kazi ya karani yeyote. Mazoezi yenyewe yakianza saa tisa na nusu au saa kumi na kwisha saa kumi na mbili, mtoto anapata kama saa 10 hadi 12 na nusu za mpira kwa wiki nzima. Kwa kila saa moja ya mpira, takriban saa nne za barabara. Mwalimu yeyote wa vijana akiiona hesabu hiyo atasema ni mbaya. Mtoto anayekua anahitaji kulala na kula, na hakuna aliyekua kimwili ndani ya Haisi. Salah hakufaulu kwa sababu ya mpango huu. Alifaulu licha ya mpango huu, na Mokawloon yenyewe baadaye ilimpa mahali pa kulala Cairo, jambo linaloonyesha kwamba hata klabu haikuamini kwamba mabasi ni shule.

Kilichowezesha safari ni kitu kidogo ambacho ningependa wazazi wakitazame kuliko mabasi: karatasi. Salah ameeleza kwamba klabu ilimpa barua rasmi ya kupeleka shuleni, imruhusu kuondoka mapema. Anaingia saa moja asubuhi, saa tatu anatoka. Saa mbili za darasa kwa siku. Barua hiyo ina mhuri wa taasisi inayojulikana nchi nzima, na mwalimu mkuu akiiona anajua mtoto hatoroki, anakwenda mahali. Bila barua, kijana huyo angekuwa mtoro wa kawaida, angechapwa, angeitiwa mzazi, mambo yangekwisha. Na barua yenyewe ina upande wa pili, nitaurudia.

Namba tatu aliyelia

Kuna jambo wengi hawalijui, na mimi ndilo linalonivutia kuliko yote. Kijana aliyekuwa akisafiri saa tisa kwa siku alikuwa beki. Namba tatu, beki wa kushoto. Mantiki yake kila kocha anaielewa: una watoto ishirini, mmoja au wawili ndio wa mguu wa kushoto, na yule mwenye mbio unamweka nyuma kushoto kwa sababu nafasi hiyo haina mtu.

Kocha wa vijana, Said El-Shishini, amesimulia namna mambo yalivyogeuka. Walicheza na ENPPI, timu ya kampuni ya mafuta, wakashinda 4-0. Salah, pamoja na kuwa beki, alikuwa akipanda kila mara na kujikuta mbele ya goli. Akapata nafasi moja, ya pili, ya tatu, zote akakosa. Mechi ikaisha. Katika chumba cha kubadilishia nguo wenzake wanaimba, wamewafunga ENPPI nne. Salah amekaa analia. Analia kwa sababu hakufunga.

Simama hapo kidogo. Timu imeshinda nne bila. Yeye ni beki, na lango lake halikuguswa. Kwa kazi aliyopewa amefaulu asilimia mia. Kocha wa kawaida, nami nimewaona wengi wa namna hiyo pembeni ya viwanja, angemkemea kwa kujifikiria yeye badala ya timu, au angembembeleza anyamaze. El-Shishini akasoma vingine. Aliona mambo mawili kwa pamoja: beki huyu anafika mbele ya goli mara nyingi kuliko washambuliaji, na moyo wake hauko kwenye kuzuia. Akamwambia hatacheza tena nyuma. Akampeleka winga ya kulia, mguu wa kushoto ukitazama ndani, na akamwahidi kwamba atakuwa mfungaji bora wa umri wake.

Uamuzi huo ulitolewa na kocha wa vijana wa timu isiyo na mashabiki, siku ambayo hakuna aliyekuwa akitazama. Kila goli tulilokuja kuliona baadaye, lile la kuingia kutoka kulia, kukata ndani, kupinda kona ya mbali, mzizi wake uko pale. Mabasi yangeweza kuendelea miaka kumi, na bila jicho lile yangetoa beki wa kushoto wa ligi ya Misri. Pengine mzuri. Hakuna ambaye angeandika kisa chake.

Timu ya wakubwa aliifikia mapema. Tarehe 3 Mei 2010, bado hajatimiza miaka 18, alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya El Mansoura. Goli lake la kwanza likaja tarehe 25 Desemba mwaka huohuo, na alilifunga dhidi ya Al Ahly, katika sare ya 1-1.

Milango miwili iliyofungwa

Baada ya goli la namna hiyo, kijana wa Misri anangoja kitu kimoja: Ahly au Zamalek. Ndiyo ngazi iliyozoeleka. Na Zamalek walimwangalia kweli. Mwaka 2011 mwenyekiti wake wa wakati huo, Mamdouh Abbas, akasema hadharani kwamba kijana bado anahitaji kazi kubwa kabla ya kufaa kuvaa jezi yao. Mashabiki wa Misri wamemtania kwa kauli ile tangu hapo, na haki yao. Ila kwa mtu anayechambua kisa kwa utulivu, kauli ile ilikuwa na sababu: Salah wa 2011 alikosa magoli mengi ya wazi. Alikuwa mbio tupu kwanza, utulivu baadaye. Kosa la Zamalek lilikuwa kumpima kwa alivyo siku ile, kama mtu anayenunua embe bichi akalirudisha kwa kuwa si tamu.

Lakini fikiria wangemchukua. Angekuwa katika klabu kubwa ya Cairo yenye presha, angelipwa vizuri kwa kiwango cha nyumbani, na klabu ingekuwa na kila sababu ya kumzuia asiondoke. Wachezaji wazuri wa Misri kwa miaka mingi walibaki nyumbani kwa raha zao, kwa kuwa Ahly na Zamalek zililipa vya kutosha na zilibeba makombe ya Afrika. Mlango uliofungwa ulimbakiza sokoni.

Mwaka huohuo alikwenda Colombia, kwenye Kombe la Dunia la vijana, na timu ya Misri ya chini ya miaka 20, ikifundishwa na Diaa El-Sayed. Walifika hatua ya 16 bora, wakatolewa na Argentina 2-1, goli la Misri akilifunga Salah kwa penalti. Mashindano yale yana mashabiki wachache kwenye televisheni na maskauti wengi jukwaani. FC Basel ya Uswisi ilianza kumfuatilia. Septemba akacheza mechi ya kwanza ya timu ya taifa ya wakubwa, ugenini Sierra Leone, Misri ikalala 2-1. Oktoba akafunga goli lake la kwanza la taifa, dhidi ya Niger.

Halafu ukaja msiba. Tarehe 1 Februari 2012, Port Said, mechi ya Al Masry na Al Ahly. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa watu wakavamia uwanja, na kabla ya usiku kwisha walikuwa wamekufa watu 74, karibu wote mashabiki wa Ahly waliosafiri kuifuata timu yao. Wengine walikuwa vijana wa umri wa Salah mwenyewe. Ligi ikasimamishwa, kisha msimu ukafutwa. Sitaki kuliandika jambo hili kana kwamba lilikuwa bahati ya mtu, kwa sababu halikuwa. Lakini kisa hakieleweki ukiliruka. Nchi nzima ya wachezaji ilibaki bila mechi. Timu ya taifa chini ya miaka 23, ya Hany Ramzy, ilikuwa imefuzu Olimpiki ya London ya kiangazi kile, na wachezaji wake hawakuwa na ligi ya kuwaweka sawa. Ikabidi kutafuta mechi nje.

Huko Uswisi, Basel nayo ilikuwa na shida yake. Hii ndiyo Basel iliyoitoa Manchester United katika Ligi ya Mabingwa Desemba 2011, na sehemu kubwa ya sifa ilikwenda kwa winga mmoja mfupi mwenye mguu wa kushoto, Xherdan Shaqiri. Februari 2012 ikatangazwa kwamba Shaqiri anakwenda Bayern Munich kiangazi. Klabu ikawa inatafuta winga. Kijana waliyemwona Colombia alikuwa wa mguu wa kushoto, mwenye mbio, na kwa wakati huo hana ligi ya kucheza wala njia ya kutazamwa nyumbani kwao. Basel wakaandaa mechi ya kirafiki na vijana wa Misri.

Ikachezwa tarehe 16 Machi 2012 katika uwanja mdogo wa Rankhof, mjini Basel. Salah alianzia benchi. Kipindi cha pili akaingia, akafunga mara mbili, Misri ikashinda 4-3. Dakika 45. Basel wakamwomba abaki wiki moja afanye nao mazoezi, na tarehe 10 Aprili akasaini mkataba wa miaka minne, unaoanza tarehe 15 Juni 2012. Kaiangalie tena tarehe hiyo. Ni siku aliyotimiza miaka 20.

Kwa hiyo alipofika Ulaya hakuwa na hata msimu mmoja kamili wa ligi mwaka ule. Alikuwa na penalti dhidi ya Argentina, magoli mawili ya kirafiki, na nafasi iliyoachwa wazi na mtu wa aina yake. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo, sidhani simu ingepigwa Nasr City. Kiangazi hicho alikwenda London akafunga katika kila mechi ya makundi, dhidi ya Brazil, New Zealand na Belarus, na Basel wakajua hawakukosea.

Upande wa pili wa barua

Nilisema nitairudia barua ya shule. Saa mbili za darasa kwa siku, kwa miaka, zina matokeo, na Salah mwenyewe amewahi kusema kwamba kama mpira ungemshinda asingekuwa na kitu kingine. Tunapenda kuisoma kauli hiyo kama ujasiri. Mimi naisoma kama hesabu ya hatari: familia ilikuwa imeuza njia zote nyingine ili kununua moja.

Deni hilo lilikuja kudaiwa mwaka 2014, akiwa tayari Chelsea. Misri ina jeshi la lazima kwa vijana wa kiume, na anayesoma huahirishiwa. Usajili wake wa masomo ukafutwa na wizara ya elimu ya juu, na ghafla mchezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza akawa anatakiwa arudi nyumbani kuvaa gwanda. Jambo likafika kwa waziri mkuu. Kukawa na kikao, naye kocha wa timu ya taifa Shawky Gharieb akiwemo, na Salah akaruhusiwa kuendelea na kazi yake. Waziri mkuu huyo alikuwa Ibrahim Mahlab, mhandisi ambaye kabla ya siasa aliongoza kampuni kwa miaka kadhaa. Kampuni gani? Arab Contractors. Mokawloon. Kijana aliyeingia kwenye klabu yao na barua ya kutoka darasani aliepushwa na jeshi na serikali iliyoongozwa na bosi wao wa zamani. Kila mmoja afasiri atakavyo. Ninachokiona ni kwamba tangu miaka 14 alikuwa ndani ya nyumba yenye uzito, na mtoto mwenye kipaji kilekile katika timu ya mtaa asingekuwa na mlango wa kugonga.

Na kuna kijana mwingine wa kulinganisha naye, ambaye husahaulika. Mohamed Elneny alizaliwa Julai 1992, wiki chache baada ya Salah, mji wa El-Mahalla El-Kubra, mkoa uleule wa Gharbia. Alianzia kwa watoto wa Al Ahly, hakuendelea nao, akaangukia Mokawloon. Akakua na Salah, wakapanda timu ya wakubwa pamoja, akacheza Colombia, akacheza London. Januari 2013 naye akachukuliwa na Basel, wakakutana tena, na miaka mitatu baadaye Arsenal wakamnunua. Klabu moja ya kampuni, isiyo na mashabiki, ndani ya miezi michache ilipeleka Uswisi vijana wawili wa umri mmoja na mkoa mmoja. Cha Elneny hakina mabasi matano, na labda ndiyo sababu hakuna anayekisimulia.